Namba Tasa 2,147,483,647 na Majirani Zake Wawili

Ichukue namba 2,147,483,647. Ni namba tasa: haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Namba kama 360 ina vigawo 24, na kila kigawo kinafunua jambo fulani juu yake. Hii haina hata kimoja cha kuanzia. Ndiyo maana watu wakisikia kwamba imepatikana namba tasa yenye tarakimu mamilioni, huuliza swali la haki kabisa: mtu anajuaje kwamba kitu kikubwa hivyo hakigawanyiki? Na akishajua, kuna nini tena cha kujua?

Jibu limo pembeni ya namba, si ndani yake. Kabla ya namba yetu ipo 2,147,483,646, na baada yake ipo 2,147,483,648. Hizi mbili zote ni shufwa, na zote zinavunjika hadi vipande vidogo kabisa:

2,147,483,646 = 2 × 3² × 7 × 11 × 31 × 151 × 331

2,147,483,648 = 2³¹

Karibu kila kitu tunachokijua kuhusu namba iliyo katikati kinatoka kwenye mistari hii miwili. Kila jirani, peke yake, anatosha kuthibitisha kwamba namba hiyo ni tasa. Na namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana leo hazikupatikana kwa kuchunguza namba kubwa ovyo. Zilitafutwa mahali ambapo jirani mmoja anafahamika kikamilifu.

Jirani wa juu

Kwa kuwa jirani wa juu ni 2³¹, namba yetu ni 2³¹ − 1. Ukiiandika kwa 0 na 1 pekee, kama kompyuta inavyofanya, unapata tarakimu 1 zilizopangwa mara 31 bila 0 hata moja kati yake. Namba za umbo la 2ⁿ − 1 huitwa namba za Mersenne, kwa jina la Marin Mersenne, mtawa wa Ufaransa aliyechapisha mwaka 1644 orodha ya vipeo ambavyo aliamini vinatoa namba tasa: 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257.

Vipeo hivyo vyote ni tasa vyenyewe, na si kwa bahati. Zipange 1 kumi na tano kwenye mstari mmoja. Unaweza kuzikata makundi ya tatu tatu, kwa hiyo 2¹⁵ − 1, yaani 32,767, inagawanyika kwa 7, ambayo kwa maandishi hayo ni 111. Unaweza kuzikata tano tano, kwa hiyo inagawanyika pia kwa 31, ambayo ni 11111. Kipeo kikiwa na kigawo, namba nzima hurithi kigawo. Lakini 1 zikiwa 31, hazikatiki makundi yaliyo sawa kwa namna yoyote.

Hilo ni sharti la lazima, ila halitoshi. Kipeo 11 ni tasa, lakini 2¹¹ − 1 = 2,047 = 23 × 89. Orodha ya Mersenne nayo ilikuwa na makosa: 67 na 257 hazikustahili kuwemo, na 61, 89 na 107 zilisahauliwa. Kabla yake Pietro Cataldi wa Bologna alikuwa amethibitisha 17 na 19 kwa kugawa kwa mkono, kisha akadai kwamba 23, 29, 31 na 37 nazo zinafaa. Tatu kati ya hizo nne hazifai. Kwa hiyo 31 ilikaa kwa muda mrefu miongoni mwa madai ambayo mengi yaliporomoka, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuiamini kuliko zilizoporomoka.

Aliyemaliza ubishi ni mwanahisabati Leonhard Euler, katika barua kwa Johann III Bernoulli mwaka 1772, wakati ambao macho yake yalikuwa karibu yameshindwa kabisa. Jinsi alivyofanya inafaa kufuatwa hatua kwa hatua.

Njia ya kawaida ya kuthibitisha kuwa namba ni tasa ni kujaribu kuigawa kwa kila namba tasa isiyozidi kipeuo chake cha pili. Hapa kipeuo hicho ni 46,340 na sehemu yake, na chini ya hapo kuna namba tasa takriban 4,800. Ni migawanyo 4,800 ya namba yenye tarakimu kumi, kwa kalamu, na kosa moja linatosha kuharibu yote.

Euler aliuliza swali tofauti. Kama 2³¹ − 1 ingekuwa na kigawo tasa, tukiite q, kigawo hicho kingelazimika kuwa cha namna gani?

Anza na 1, zidisha kwa 2 tena na tena, na kila mara weka tu baki linalosalia baada ya kugawa kwa q. Kwa kuwa q inaigawa 2³¹ − 1, baki litarudi kuwa 1 baada ya hatua 31. Je, lingeweza kurudi mapema zaidi? Mabaki hujirudia kwa mzunguko wa urefu uleule, kwa hiyo urefu huo lazima uigawe 31 bila baki. Na 31 ni tasa: urefu ni 1 au 31, na hauwezi kuwa 1, kwani hatua moja tu inatupa 2. Basi mzunguko una hatua 31 kamili. Sasa, Pierre de Fermat alikwisha kusema mwaka 1640 kwamba ukigawa kwa namba tasa q, mzunguko wa aina hii hurudi kwenye 1 pia baada ya hatua q − 1. Kwa hiyo 31 lazima iigawe q − 1. Tena q ni witiri, hivyo q − 1 ni shufwa. Matokeo yake, q lazima iwe moja zaidi ya kigawe cha 62: 63, 125, 187, 249 na kuendelea. Namba nyingine yoyote haina nafasi.

Fermat mwenyewe aliitumia kanuni hii kuiangusha 2³⁷ − 1. Vigawo vyake lazima viwe moja zaidi ya kigawe cha 74, yaani 75, 149, 223, na ya tatu kwenye orodha, 223, inagawa bila baki. Kwa 2²⁹ − 1, vigawo lazima viwe moja zaidi ya kigawe cha 58, na ya nne, 233, inagawa. Madai ya Cataldi yangeweza kuvunjwa kwa dakika chache, lau angeijua kanuni.

Kisha Euler akaongeza chujio la pili. Kama 2³¹ inabakiza 1 ikigawanywa kwa q, basi 2³² inabakiza 2. Lakini 2³² ni 2¹⁶ ikizidishwa kwa yenyewe. Maana yake ni kwamba, tukihesabu mabaki ya q, namba 2 ni mraba wa namba fulani, na jambo hilo hutokea pale tu q inapobakiza 1 au 7 ikigawanywa kwa 8. Unganisha masharti mawili, na zinasalia namba za aina mbili tu: zinazobakiza 1 zikigawanywa kwa 248, na zinazobakiza 63. Hadi 46,340 ziko 373. Nyingi kati ya hizo si tasa, kwa hiyo hakuna haja ya kuzijaribu: 63 inaondoka, 249 ni 3 × 83 nayo inaondoka, na ya kwanza inayostahili kujaribiwa ni 311. Zinabaki takriban 80.

Kutoka migawanyo 4,800 hadi 80. Euler akazipitia, hakuna iliyogawa, na 2,147,483,647 ikawa namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana kwa zaidi ya miaka 70.

Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba haielekei mtu kuivuka. Alikuwa akizungumzia namba timilifu, yaani namba iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vidogo kuliko yenyewe, kama 6 ambayo ni 1 + 2 + 3. Tangu Euclid inajulikana kwamba kila namba tasa ya Mersenne huzaa namba timilifu, na ile inayozaliwa na namba yetu ni 2³⁰ × (2³¹ − 1), yaani 2,305,843,008,139,952,128. Barlow aliona kwamba namba hizi ni za kustaajabisha tu, hazina matumizi, kwa hiyo hakuna atakayejisumbua kutafuta kubwa zaidi. Alikosea kuhusu watu, na baadaye ikapatikana njia isiyohitaji kutafuta kigawo kabisa.

Kuthibitisha bila kugawa

Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alionyesha kwamba 2¹²⁷ − 1, namba yenye tarakimu 39, ni tasa. Kwa kugawa, hata kwa machujio ya Euler, kazi hiyo isingekwisha katika uhai wa mtu. Lucas hakutafuta kigawo chochote. Njia yake, ambayo baadaye Derrick Henry Lehmer aliisafisha na kuipa sura inayotumika hadi leo, ni fupi mno kiasi kwamba inaingia kwenye aya moja.

Anza na 4. Zidisha kwa yenyewe, toa 2, kisha weka baki la kugawa kwa 2ⁿ − 1. Rudia. Ukifanya hivyo mara n − 2 ukaishia kwenye 0, namba ni tasa. Ukiishia kwenye kingine chochote, si tasa. Ijaribu kwa n = 7, ambapo tunagawa kwa 127: 4, 14, 67, 42, 111, 0. Hatua tano, na tumefika kwenye sifuri. Sasa ijaribu kwa n = 11, ambapo tunagawa kwa 2,047: 4, 14, 194, 788, 701, 119, 1,877, 240, 282, 1,736. Hatua tisa, na sifuri haipo. Zingatia kwamba jaribio hili limekataa 2,047 bila kutaja 23 wala 89. Kwa namba yetu zinatosha hatua 29.

Kwa nini inafanya kazi? Hapa ndipo jirani wa juu anapojitokeza. Namba 4 ni jumla ya 2 + √3 na 2 − √3, na hizo mbili zikizidishwa pamoja zinatoa 1. Kwa sababu ya hiyo 1, ukiuzidisha jumla hiyo kwa yenyewe na kutoa 2, unachopata ni jumla ileile, ila sasa kila kipande kimepanda hadi kipeo cha pili. Rudia, na vipande vimefika kipeo cha nne, kisha cha nane, cha kumi na sita. Unapanda ngazi ya vipeo vya 2, na jirani wa juu wa namba yetu ni kipeo cha 2. Sifuri kwenye hatua ya 29 inamaanisha kwamba 2 + √3 inahitaji kuzidishwa kwa yenyewe mara 2³¹ kamili kabla ya kurudi kwenye 1. Kama kungekuwa na kigawo q kisichozidi kipeuo cha pili cha namba yetu, mabaki yanayowezekana (yale ya kawaida na yale yenye √3) yangekuwa q² kwa jumla, na ukiondoa sifuri yanabaki machache kuliko 2³¹. Mzunguko wa hatua 2³¹ hauingii humo. Kwa hiyo q haipo.

Kwangu mimi huu ni miongoni mwa uthibitisho mzuri kuliko wote katika nadharia ya namba. Hautafuti kigawo kwa kujaribu. Unaonyesha kwamba hakuna nafasi ya kigawo kuwepo.

Lucas aliitumia njia yake pia kuonyesha kwamba 2⁶⁷ − 1 si tasa, kinyume na Mersenne, bila kujua kigawo chake hata kimoja. Vigawo vilikuja kuonekana mwaka 1903, Frank Nelson Cole alipoonyesha kwamba ni 193,707,721 × 761,838,257,287. Kwa zaidi ya robo karne, watu walijua kwa uhakika kwamba namba hiyo inavunjika bila kujua inavunjikia wapi. Hali hiyo bado ipo: ziko namba nyingi za Mersenne ambazo tunajua si tasa na hatuna kigawo chake cha kuonyesha.

Kompyuta zilipokuja, zilichukua njia hiyohiyo. Mwaka 1952 Raphael Robinson aliandika programu ya kompyuta iliyoitwa SWAC, na mwaka huohuo zikapatikana namba tasa tano za Mersenne, zenye vipeo 521, 607, 1,279, 2,203 na 2,281. Tangu 1996 kazi hii inaongozwa na mradi wa GIMPS ulioanzishwa na George Woltman, ambapo watu wa kujitolea duniani kote hutoa muda wa kompyuta zao. Namba kubwa kuliko zote iliyopatikana humo ilitangazwa Oktoba 2024 baada ya Luke Durant kutumia maelfu ya prosesa za michoro alizokodi katika vituo vya kompyuta vya nchi mbalimbali. Ni 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1, yenye tarakimu 41,024,320. Jaribio lake la Lucas na Lehmer ni kanuni ileile ya 4, 14, 194, ila ina hatua 136,279,839, na katika kila hatua unazidisha kwa yenyewe namba yenye tarakimu zaidi ya milioni 40.

Kinachofanya hilo liwezekane ni wepesi wa kupata baki. Katika hesabu zetu za kila siku, baki la kugawa kwa 999 hupatikana bila kugawa. Chukua 482,915, ikate tatu tatu na ujumlishe: 482 + 915 = 1,397; kata tena, 1 + 397 = 398. Hilo ndilo baki. Kwa kompyuta, 2ⁿ − 1 ni kama 999 yetu, kwani tarakimu zote ni zile za juu kabisa. Kukata na kujumlisha kunatosha, na kugawa, ambako ndiko kazi nzito, hakuhitajiki kabisa.

Jirani wa chini

Jirani wa juu ana kigawo tasa kimoja tu, 2, kilichojirudia. Jirani wa chini ana vigawo tasa saba tofauti, na mambo anayoyaeleza ni mengine.

Rudia mchezo wa mabaki, lakini sasa tunagawa kwa 2,147,483,647 yenyewe. Chagua namba ya kuzidishia, anza na 1, na uhesabu hatua hadi 1 irudi. Fermat anatuhakikishia kwamba itarudi baada ya hatua 2,147,483,646, na ikiwahi kurudi mapema, urefu wa mzunguko lazima uigawe namba hiyo. Ukizidisha kwa 2, mzunguko ni mfupi ajabu: 1, 2, 4, 8, na baada ya hatua 31 umerudi, maana 2³¹ inazidi namba yetu kwa 1 tu. Hii ndiyo sababu 31 imo kati ya vigawo vya jirani wa chini. Ililazimika kuwemo.

Ukizidisha kwa 7, hali ni tofauti kabisa. Mzunguko haurudi hadi hatua zote 2,147,483,646 zikamilike, na njiani unapita kila namba kuanzia 1 hadi 2,147,483,646, kila moja mara moja. Namba yenye sifa hii huitwa mzizi asilia. Kuihakiki si lazima upige hatua bilioni mbili. Unachukua jirani wa chini, unamgawa kwa 2, 3, 7, 11, 31, 151 na 331, na kwa kila jibu unaangalia kama 7 kwa kipeo hicho inabakiza 1. Kama hata moja haibakizi 1, na kipeo kizima kinabakiza 1, mzunguko ni kamili. Majaribio saba na moja la kukamilisha.

Hapo hapo umepata uthibitisho wa pili kwamba namba ni tasa. Vipeo vya 7 vikiwa vimepita kila namba iliyo chini yake, hakuna hata moja kati ya hizo inayoweza kuwa kigawo chake, kwa sababu kutoka kwenye kipeo chochote cha 7 ukiendelea kuzidisha unafika kwenye 1, lakini kigawe cha kigawo hakiwezi kamwe kubakiza 1. Uthibitisho huu haugusi 2³¹ popote. Unamtegemea jirani wa chini peke yake.

Mizizi asilia ya namba yetu iko 534,600,000, karibu robo ya namba zote zilizo chini yake, na 7 ndiyo ndogo kuliko yote. Moja kati ya hiyo ilipata umaarufu: 16,807, ambayo ni 7⁵. Nayo ni mzizi asilia kwa sababu kipeo 5 hakimo katika vigawo vya jirani wa chini. Angalia tena orodha: 2, 3, 7, 11, 31, 151, 331. Tano haipo. Kama tungechukua 7³, mzunguko ungekatika na kubaki theluthi moja, kwa kuwa 3 imo.

Lehmer, yuleyule wa jaribio la sifuri, ndiye aliyependekeza kutumia mizunguko ya aina hii kutengeneza namba zinazofanana na za bahati nasibu ndani ya kompyuta. Mwaka 1969 Lewis, Goodman na Miller walichagua 2,147,483,647 na 16,807 kwa kompyuta za IBM, na mwaka 1988 Park na Miller wakapendekeza jozi hiyo iwe kiwango cha chini ambacho programu yoyote inapaswa kukifikia. Ukianza na 1 unapata 16,807, kisha 282,475,249, kisha 1,622,650,073, kisha 984,943,658. Namba ya 10,000 baada ya hapo mwanzo ni 1,043,618,065, na hutumika kuhakiki kwamba programu imeandikwa sawasawa. Lugha ya C++ inayo jozi hiyo hadi leo. Isitumiwe kwa siri yoyote, hata hivyo: ukiiona namba moja tu unajua zote zinazofuata, na mzunguko mzima wa bilioni mbili kompyuta ya sasa inaumaliza kwa sekunde chache.

Upo ukweli mwingine unaomhusu jirani wa juu ambao watengenezaji programu wanaujua vizuri: 2,147,483,647 ndiyo namba kubwa kuliko zote inayoingia katika biti 32, yaani nafasi 32 za 0 au 1, pale biti moja inapotunza alama ya kujumlisha au kutoa. Kompyuta zinazohesabu sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970 kwa biti hizo zitaifikia tarehe 19 Januari 2038, saa 03:14:07 kwa saa za dunia za UTC. Hapo utasa wake hauhusiki kabisa. Kinachohusika ni umbo la 2³¹ − 1 tu. Lakini kukutana huko kulikuwa na manufaa: wale wa 1969 walipata namba tasa iliyojaa kikamilifu kwenye nafasi ambayo mashine zao zilikuwa nayo.

Tasa zilizo karibu nayo zaidi ni 2,147,483,629, ambayo iko nyuma kwa 18, na 2,147,483,659, iliyo mbele kwa 12. Katika eneo hilo wastani wa umbali kati ya namba tasa mbili zinazofuatana ni 21 hivi. Kwenye eneo la ile ya mwaka 2024 wastani huo ni zaidi ya milioni 94. Na kuhusu miraba: namba yetu haiwezi kuandikwa kama jumla ya miraba mitatu, licha ya miwili. Mraba wowote ukigawanywa kwa 8 hubakiza 0, 1 au 4. Namba yetu hubakiza 7. Na hakuna namna ya kupata 7 kwa kujumlisha tatu kati ya hizo. Inahitaji miraba minne.

Je, namba hizi zinalinda siri zetu?

Mara nyingi habari za namba tasa mpya huambatana na maelezo kwamba zinasaidia usimbaji fiche. Ile ya tarakimu milioni 41 haisaidii. Usimbaji fiche wa RSA wenye biti 2,048 unatumia namba tasa mbili zenye tarakimu zaidi ya 300 kila moja, na zinachaguliwa kwa bahati nasibu ili asizijue mtu. Namba tasa inayojulikana na dunia nzima haiwezi kuwa siri. Ziko njia nyingine za usimbaji ambamo namba tasa hutangazwa wazi na siri hukaa kwingine, na humo umbo la Mersenne linathaminiwa kwa ajili ya ule wepesi wa kukata na kujumlisha. 2⁵²¹ − 1, iliyopatikana na Robinson, inatumika hivyo.

Tofauti ya aina hizo mbili inarudi kwa majirani. Namba tasa ya tarakimu 300 iliyookotwa kwa bahati nasibu kwa kawaida ina majirani ambao hakuna anayejua jinsi wanavyovunjika. Kompyuta huipitisha kwenye majaribio yanayoacha shaka ndogo mno, na mara nyingi huishia hapo. Kama unataka uthibitisho kamili wa namba ya namna hiyo, njia zipo, lakini ni nzito, na zinakwama kabla ya kufika tarakimu milioni moja. Namba ya Mersenne yenye tarakimu milioni 41 inathibitishwa kwa uhakika usio na shaka yoyote. Hilo ndilo linaloeleza kwa nini orodha ya namba tasa kubwa imejaa umbo la 2ⁿ − 1: mahali pengine zimejaa pia, ila hatuna jinsi ya kuzitambua.

Namba yetu ina sifa moja zaidi inayoiweka kwenye kundi dogo sana. Kipeo chake, 31, nacho ni namba tasa ya Mersenne, 2⁵ − 1. Namba tasa zilizojengwa hivyo zinajulikana nne tu: 7, 127, 2,147,483,647 na ile ya Lucas, 2¹²⁷ − 1. Inavutia kuendelea na kuuliza itakuwaje namba yetu yenyewe ikiwekwa kuwa kipeo. Namba inayotokea ina tarakimu zaidi ya milioni 646, na jaribio la Lucas na Lehmer lingehitaji hatua bilioni mbili za namba za ukubwa huo. Lakini haikuhitajika, kwa sababu kanuni ya Fermat bado inafanya kazi: vigawo vyake lazima viwe moja zaidi ya kigawe cha 2 × 2,147,483,647, na ukizidisha namba hiyo kwa 68,745 na kuongeza 1 unapata 295,257,526,626,031, ambayo inagawa bila baki. Si tasa.

Swali hilohilo likiulizwa kwa 2¹²⁷ − 1 ikiwa kipeo, mambo yanabadilika. Hatua za jaribio zingekuwa karibu 2¹²⁷, na tarakimu za namba yenyewe ni nyingi kiasi kwamba haziwezi kuandikwa popote. Kitu pekee kinachowezekana ni njia ya Fermat na Euler: kupanga namba zilizo moja zaidi ya kigawe cha 2 × (2¹²⁷ − 1), kuziondoa zile ambazo si tasa na zile zinazokataliwa na chujio la 8, kisha kuzijaribu zinazobaki moja baada ya nyingine. Watu wamekuwa wakifanya hivyo kwa kompyuta kwa miaka mingi, na hadi sasa hakuna kigawo kilichopatikana.